Laki saba inunue laptopu ipi?

Kwenye kaunta moja ya Kariakoo kuna mashine mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Moja ni mpya, katoni yake haijachanwa, kioo inchi 15, rangi ya fedha. Nyingine ina mkwaruzo karibu na bawaba, na mgongoni ina alama ya gundi pale ilipobanduliwa stika ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki huko Ulaya. Bei zake zinakimbilia palepale, laki saba za Tanzania, na muuzaji yuko tayari kushuka kidogo kwa yoyote. Mama aliyemsindikiza binti yake anayekwenda kuanza mwaka wa kwanza Dodoma ameshaweka mkono juu ya katoni.

"Mwanangu, ya nini kununua kilichochokwa na watu na kipya kipo?"

Swali lake ni la haki, na kama wangekuwa wananunua friji au pasi ningekuwa upande wake. Kwa laptopu ya bei hii niko upande wa ile yenye mkwaruzo, na sababu zangu ziko ndani ya mashine, mahali ambapo mteja haonyeshwi.

Tuanze na kilichomo kwenye katoni. Kwa fedha hizo, laptopu mpya mara nyingi huja na prosesa ya Celeron, tuseme N4020 ya mwaka 2019 yenye viini viwili tu, RAM ya GB 4, na pengine hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao mama, ambayo fundi wa kawaida hawezi kuibadilisha. Ni mashine ya kusoma barua pepe na kuandika kurasa mbili tatu. Ukifungua Word, kurasa sita za intaneti na kipindi cha Zoom kwa wakati mmoja, mambo yanaanza kusuasua. Intel wenyewe waliamua kuachana na majina ya Celeron na Pentium kwenye laptopu mpya kuanzia 2023, lakini mashine zenye majina hayo bado zimejaa madukani, na katoni yake inang'aa kama ya mashine nyingine yoyote.

Ile ya pili ni HP EliteBook 840 G5. Ndani yake kuna Core i5-8250U yenye viini vinne, RAM ya GB 8 inayoweza kuongezwa kwa sababu matundu ya RAM yako mawili, na SSD ya GB 256 ambayo ikijaa inatolewa kwa skrubu moja na kuwekwa kubwa zaidi. Ilitoka mwaka 2018. Wakati huo mashine za tabaka hili zilikuwa zikinunuliwa na makampuni, si na wanafunzi, kwa bei ya dola 1,000 na kuendelea. Laki saba inakununulia kilichobaki cha dola hizo, na kilichobaki ni kingi kuliko kilichomo kwenye katoni.

Zinafikaje hapa? Makampuni, benki na taasisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu, minne au mitano, ziwe zimeharibika au hazijaharibika, kwa sababu mkataba wa kukodi umeisha au dhamana ya kiwanda imefika mwisho. Zinauzwa kwa mafungu. Nyingi hupitia Dubai na Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu huenda kuchagua mzigo, kisha zinashushwa Kariakoo na Posta hapa Dar es Salaam, au Luthuli na Moi Avenue kule Nairobi. Ndiyo maana ukipita maduka kumi utakutana na majina yaleyale matatu: EliteBook ya HP, Latitude ya Dell, ThinkPad ya Lenovo. Si kwamba wauzaji wetu hawana ubunifu. Ofisi za dunia zilinunua hizo kwa maelfu.

Wingi huo ni faida ambayo watu hawaihesabu. Mashine iliyouzwa kwa maelfu ina vipuri kwa maelfu. Kibodi ya ThinkPad T480 ikimwagikiwa chai, fundi anayo nyingine kwenye droo, au anamjua aliye nayo mtaa wa pili. Laptopu mpya ya bei rahisi ikivunjika bawaba, na bawaba zake huvunjika kwa sababu zimeshikizwa kwenye plastiki nyembamba, utazunguka mpaka uchoke, na mwishowe utaishika kioo kwa mkono kama watu wanavyoegemeza mlango mbovu kwa jiwe.

Sasa tufike kwenye jambo linaloamua kila kitu. Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine yenye Windows 10 haizimiki kwa sababu hiyo. Inawaka, inaandika, inacheza muziki kama jana. Kilichokoma ni masasisho ya kuziba matundu ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi unafika Oktoba 2026. Njia ya kawaida ni kuhamia Windows 11, na hapo ndipo penye mlango mwembamba. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliweka masharti: kwa prosesa za Intel, ukiacha chache sana, iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele, na mashine iwe na kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi cha nane cha Intel kilianza kutoka Agosti 2017.

Matokeo yake yanaonekana madukani. Makampuni ya nje yameondoa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hazikidhi masharti hayo, na mzigo huo unatafuta pa kwenda. Ukisikia EliteBook 840 G3 imeshuka bei mpaka unashangaa, ujue imeshuka kwa sababu inayoeleweka. Fundi atakwambia inawezekana kuilazimisha ipokee Windows 11. Ni kweli, inawezekana, na wengi wamefanya hivyo. Ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma, na siku sasisho kubwa likigoma, utarudi kwa fundi yuleyule na pesa nyingine.

Kuna sababu ya pili ya kung'ang'ania kizazi cha nane, na hii haina uhusiano na Microsoft. Mpaka kizazi cha saba, laptopu nyembamba za ofisi zilikuwa na prosesa za viini viwili, hata zilizoitwa Core i7. Kizazi cha nane kikaja na vinne. Kwa hiyo Core i7-7500U iliyokuwa fahari ya bosi mwaka 2016 ina viini viwili, na Core i5-8250U ya karani wa mwaka 2018 ina vinne. Kariakoo bado inauza kwa neno "i7". Winga atakushika mkono kwenye kona ya Msimbazi, "Bosi, nina Core i7 ya moto, twende nikakuonyeshe," naye hana ubaya, anatafuta riziki. Lakini i7 ya kizazi gani? Akisema "kizazi kipya hiki", bado hajajibu.

Kujua ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Tazama namba inayofuata baada ya i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. i5-10210U ni cha kumi. i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Usiitafute kwenye stika iliyobandikwa karibu na kibodi, maana stika zinauzwa. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na ukurasa utakaofunguka utakuonyesha prosesa kwa jina kamili, RAM iliyomo, na tarehe ya BIOS. Wala usitegemee jina la modeli peke yake. Kwenye EliteBook mtaani wanahesabu hivi: G3 ni cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. Hesabu hiyo ni nzuri lakini inavuja, kwa kuwa zipo G5 zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba, na hata Latitude 7490 ziko za namna hiyo. Kwa nje ni mapacha.

Zote hizi ni habari za mashine. Habari za mtu ndizo zinazopaswa kutangulia, na hapa naona wateja wengi wanajiuliza swali kinyume: wanauliza laptopu ipi ni nzuri kabla ya kuuliza wao wanataka kuifanyia nini.

Mwanafunzi wa sheria, ualimu, uhasibu au utawala anaandika, anasoma PDF, anajaza Excel, anaingia kwenye mtandao wa chuo, anatazama filamu usiku. Huyo anatoshwa kabisa na mashine ya ofisi ya kizazi cha nane yenye RAM GB 8 na SSD GB 256, na atakayemshawishi aongeze laki tatu ili apate kizazi cha kumi na moja anamuuzia kitu atakachokitumia mara chache. Laki tatu hizo ni kodi ya chumba. Anayesoma takwimu na kutumia SPSS, Stata au R yuko kwenye kundi hilohilo, labda RAM ifike GB 16 kama data zake ni kubwa. Mhasibu mwenye QuickBooks au Tally asihangaike na prosesa. Ahangaike na kibodi. Mtu anayeingiza tarakimu mchana kutwa anahitaji kibodi yenye safu ya namba upande wa kulia, na hiyo hupatikana kwenye mashine za inchi 15, kama EliteBook 850. Hilo halitajwi dukani kamwe.

Mwanafunzi wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, au wa uhandisi anayechora kwa Revit na AutoCAD, hesabu zake ni nyingine. Mashine ya ofisi itafungua mchoro wake wa mwaka wa kwanza bila shida. Mwaka wa tatu, jengo likiwa na ghorofa na vivuli na miti, itamkimbia. Anahitaji kadi ya michoro inayojitegemea na RAM GB 16 kwa uchache. Watu wengi hapa wanakimbilia laptopu za michezo zenye mataa mekundu, ilhali soko la zilizotumika lina kundi la mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyohiyo: Precision za Dell, ZBook za HP, ThinkPad za herufi P. Za mwaka 2018 kama ZBook Studio G5 au ThinkPad P52 mara nyingi zina prosesa za viini sita na kadi za NVIDIA Quadro. Nyingi ni nzito. Zinakula umeme. Feni zake zinavuma darasani mpaka jirani anageuka. Lakini zinachora, na laki saba haifiki hapo. Jiandae kwa milioni na kitu. Na mchoraji asinunue Mac kabla hajaulizia programu zao chuoni, kwa sababu Revit na ArcGIS Pro hazina toleo la Mac.

Nimeitaja Mac, basi tumalizane nayo. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye chipu yake yenyewe, M1. Haina feni, haitoi sauti, betri yake inavuka siku ya kazi, na kwa mwandishi, mhariri wa picha au mhariri wa video fupi ni mashine nzuri hata sasa. Kama pesa ipo na RAM ya GB 8 inakutosha, inunue. RAM yake haiongezeki milele. Kinachonisikitisha ni zile MacBook za kabla yake, zenye prosesa za Intel, zinazouzwa kwa sababu ya tufaha lililoko mgongoni. Nyingi za 2016 hadi 2019 zina kibodi zilizosumbua kiasi kwamba Apple ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Mwaka 2025 Apple ikatangaza kwamba toleo la mfumo la mwaka huo, Tahoe, ndilo la mwisho kupokelewa na Mac yoyote ya Intel, na nyingi za mtaani zilikuwa zimeshaachwa nyuma zamani. Laki saba kwa MacBook Air ya 2017 ni laki saba ya nembo.

Na Chromebook? Hizi ndogondogo zinazopangwa mbele ya duka kwa bei ya kuvutia, wanaziita za wanafunzi. Nyingi zilikuwa za shule za Marekani. Zinatumia mfumo wa Google, si Windows, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho iliyopangwa tangu ilipotoka. Shule huziuza tarehe hiyo inapokaribia au ikishapita. Hifadhi yake huwa GB 16 au 32. Kwa mtoto wa darasa la tano anayejifunza kuandika, sawa. Kwa mwanafunzi wa chuo, hapana.

Turudi kwenye mashine ya ofisi. Kati ya RAM na prosesa, shilingi ya ziada iende kwenye RAM. Kati ya RAM na SSD, kama bado kuna diski ya kuzunguka, iende kwenye SSD kwanza. Mashine yenye diski ya zamani huchukua dakika kuwaka na ile yenye SSD huchukua sekunde, na hakuna badiliko jingine linaloonekana na kila mtu namna hiyo. Zamani ningesema nunua yenye GB 8, ongeza baadaye RAM ikishuka bei. Ushauri huo umekufa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM na ya SSD imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Ukikuta mashine mbili za hali moja, na yenye GB 16 imezidi kidogo tu, ichukue leo.

Kioo nacho. Mashine nyingi za ofisi ziliuzwa na vioo vya aina mbili kwa jina moja la modeli, kimoja cha nukta 1366 kwa 768, kingine cha 1920 kwa 1080. Tofauti ya bei dukani huwa ndogo au haipo, kwa sababu muuzaji mwenyewe hakuangalia. Angalia wewe. Kile cha kwanza kikitazamwa kwa pembeni mara nyingi rangi hugeuka, na kurasa mbili za Word haziwezi kukaa pamoja. Mtu atakayesoma saa sita kwa siku kwenye kioo hicho atalalamika macho na kudhani anahitaji miwani.

Yule binti wa Dodoma alikuwa na kaka yake, kijana mkimya anayefanya kazi ya kutengeneza simu Mbagala, na namna alivyoikagua ile EliteBook ilinifurahisha. Hakuuliza bei tena. Aliifungua na kuifunga kioo mara kadhaa, polepole, akisikiliza bawaba. Akakishika kioo kwenye kona moja kwa vidole viwili na kukiinua, kuona kama mwili unapinda. Akafungua ukurasa mweupe, akaongeza mwanga mpaka mwisho, akatafuta madoa na vivuli vya pembeni. Akafungua Notepad na kugonga kila kitufe kwa mpangilio, safu kwa safu, hata vile ambavyo hakuna anayevitumia. Akatoa flashi mfukoni na kuichomeka kwenye kila tundu. Akapiga picha kwa kamera, akarekodi sauti yake akihesabu, akaisikiliza. Kisha akafanya kitu ambacho muuzaji hakukitegemea: akachomoa chaja na kuiacha mashine ikicheza video, huku anaagiza soda.

"Kaka, hiyo betri ni original," muuzaji akasema.

"Najua kaka, sina wasiwasi. Tuipe robo saa."

Betri ndiyo sehemu pekee ya mashine hizi inayozeeka kwa uhakika. Kwenye Windows kuna ripoti yake ambayo hudanganya mara chache: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, nayo inatengeneza ukurasa wenye takwimu mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Betri ya 840 G5 ilitoka na karibu mWh 50,000. Ukikuta 40,000, una bahati. Ukikuta 25,000, nusu imekwenda. Si sababu ya kuikimbia mashine, ni sababu ya kupunguziwa bei ya betri. Mwenye umeme wa kukatika mara kwa mara angeitazama ThinkPad T480, ambayo ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nyuma, hivyo unaweza kutembea na ya akiba na kubadilisha bila kuizima. Wala usidharau tundu la USB-C linalopokea chaji. Mashine yenye tundu hilo inachajiwa na chaja yoyote nzuri ya USB-C yenye nguvu ya kutosha, na hata pawabenki kubwa ya laptopu, na chaja ikipotea hosteli maisha yanaendelea.

Mitego iliyobaki iko kwenye kufuli. Mashine iliyotoka kampuni inaweza kuwa bado iko kwenye daftari la kampuni ile, na huwezi kuliona kwa macho, kwa sababu muuzaji ameweka Windows bila kuiunganisha na intaneti. Unaitumia miezi minne, siku unaifuta ili kuianza upya, inakukaribisha kwa jina la kampuni ya watu na kukudai nywila ya mfanyakazi wao. Nyingine zimefungwa kwenye BIOS, na nywila ya huko hakuna anayeijua upande huu wa bahari. Kwa hiyo, dukani, izime, iwashe ukiingia kwenye BIOS, uone kama inakuruhusu. Ukiweza, omba iwekewe Windows upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti ya simu yako. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya mmiliki wa kwanza imetolewa. Bila hivyo umenunua sinia ya bei ghali.

Kuhusu Windows yenyewe kuna jambo jema ambalo wauzaji wengi hawalijui. Nyingi ya mashine hizi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro iliyoandikwa ndani ya ubao mama. Ukiweka Windows 11 Pro safi kutoka Microsoft na kuunganisha intaneti, kwa kawaida inajitambua na kujisajili yenyewe, bila shilingi na bila vile viprogramu vya kuvunja leseni ambavyo fundi hupachika kwa mazoea na ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoleta virusi. Anayemiliki kizazi cha sita au cha saba na hana pesa ya kubadilisha asiitupe mashine. Linux Mint ni bure, inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4 au 8, na LibreOffice inafungua faili nyingi za Word. Ni wiki mbili za kuzoea.

Bei. Sitaki kuandika orodha ambayo itakuwa imechacha kabla gazeti halijafungiwa maandazi, maana bei hizi hufuata dola na hufuata meli. Lakini ngazi zenyewe hazibadiliki sana. Chini ya laki nne utapata mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na hapo nunua tu kama umekubali Linux au kazi yako ni ya kuandika tu. Katikati ya laki tano na nusu na laki nane ndipo penye kizazi cha nane, na ndipo ningemshauri mzazi yeyote mwenye mtoto anayekwenda chuo asimame. Mpya inayostahili kuitwa laptopu, yenye Core i5 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni na RAM GB 8 au zaidi, inaanzia juu zaidi ya milioni, na kama unayo, na unataka dhamana ya mwaka kutoka kwa wakala anayejulikana, mama yule wa katoni atakuwa na hoja. Ofisi inayonunua mashine ishirini kwa mkupuo na inahitaji zifanane na ziwe na dhamana nayo inunue mpya. Usinunue wiki ile bumu limetoka na wanafunzi wamejaa mtaani, kama unaweza kusubiri. Bei haishuki katikati ya foleni.

Winga, kama umempata, ana cha juu chake ndani ya bei. Si dhambi, amekutembeza. Ila cha juu kinaongezeka kadiri unavyoonekana hujui unachotafuta, kwa hiyo mtajie jina na namba: "Natafuta 840 G5 au T480, i5-8250U au 8350U, RAM nane, kioo cha 1080." Ukitaja hivyo, unapelekwa duka lenye mashine hiyo badala ya duka lenye rafiki yake.

Dhamana ya zilizotumika huwa ya maneno, wiki mbili, mwezi, mara chache miezi mitatu, na karibu kila mara haihusu kioo wala betri. Idai iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine iliyoko chini ya mwili wake, na uilinganishe na ile inayoonekana kwenye BIOS. Kisha itumie mashine kwa nguvu ndani ya siku hizo: iache iwake usiku kucha, ifunge kioo ilale na uiamshe, ijaze faili, ipeleke hewani kwa saa tatu za Zoom. Hitilafu nyingi za mashine hizi, RAM isiyokaa sawa, feni iliyojaa vumbi la ofisi ya watu, tundu la chaji lililolegea, hujitokeza katika wiki ya kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka kwa sura.